Utando mwekundu

Jumapili, saa nne usiku. Birmingham mvua inanyesha tangu asubuhi, na mikono yangu inanuka chumvi. Nimemaliza sasa hivi kunyonya utando mwekundu kwenye mchanga wa tangi langu la samaki na matumbawe wa maji chumvi, kwa mpira mwembamba ulioishia ndooni. Unang'oka vipande vipande kama malai juu ya maziwa yaliyopoa, na chini yake mchanga unatokeza mweupe. Wengi huuita mwani. Ni sayanobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, ndiyo maana mchana utando unajaa vipovu vya oksijeni.

Utando ulipoanza mwaka jana niliuchukia mno, nikataka maji yasiwe na kitu kabisa. Nikaweka chembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfeti, kirutubisho kinachoulisha utando, nikakata chakula nusu, nikawa nabadilisha maji kila mara. Vipimo vya virutubisho vikasoma sifuri, nitrati na fosfeti zote mbili. Nilifurahi sana siku ile. Kisha yakaja makamasi ya kahawia, yanaisha usiku, taa zikiwaka yanarudi, yananing'inia kwenye matawi ya matumbawe kama nyuzi. Dinoflajeleti, viumbe vidogo vya seli moja. Hawa hupata nafasi pale washindani wao wanapokosa chakula, na baadhi yao wana sumu. Konokono wanne walikufa wiki ile. Walikuwa nami tangu tangi lina mawe matupu, na bado inaniuma.

Ilibidi nitoe zile chembe, nilishe zaidi, nisubiri. Miezi mitatu.

Utotoni Tanga, wakati wa bamvua, maji yakitoka tulitembea hadi miambani. Sikumbuki jiwe lililokuwa safi. Yote yalikuwa na mwani mfupi kama nywele zilizonyolewa juzi, kwa sababu tasi, kangaja na pono hawakuacha kuuguguna. Tangi langu ni la lita 200 na kangaja anahitaji nafasi kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo kazi yake naifanya mimi kwa mswaki, kila Jumapili.

Safari hii basi sikukimbilia kuua. Muuza duka alinishauri unga wa antibiotiki. Nilikataa: haubagui vizuri bakteria wa kuua na wa kuacha, na utando mwingi ukifa kwa pamoja unakula oksijeni ya samaki. Nikaanza kutafuta chanzo. Maji ninayochuja kwa ajili ya kuchanganya chumvi yalipaswa kusoma 0 kwenye kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini, yalisoma 14. Resini, zile punje za chujio zinazonasa vitu hivyo, ilikuwa imechoka, na kila nilipojaza tangi nilikuwa naulisha utando mwenyewe. Halafu pampu ya pembeni: ilishikwa na chokaa hadi mkondo ukafa, na utando ulikuwa mnene pale pale ambapo maji yamelala. Nimeiloweka kwenye siki usiku kucha, nikaisugua, nikairudisha leo mchana.

Resini mpya nimeweka. Taa nimezipunguza ziwake kwa muda wa saa nane kwa siku badala ya kumi na moja. Chakula sijagusa, kwani nitrati iko kwenye 5 na nataka ibaki hapo hapo.

Nimekaa mbele ya kioo karibu saa nzima. Kwenye kona ile mchanga unatikisika kidogo mkondo ukipita, na lile tumbawe la kijani lililojifunga wiki mbili limeanza kutoa vidole, vitatu upande wa pampu, kimoja upande wangu.