Msamaha wa kodi haununui kinu

Mtu akisema anataka kuweka kinu cha unga Bweyale au Kigumba, huku Kiryandongo, Uganda, hamalizi sentensi kabla hajaulizwa: "Umeshaomba msamaha wa kodi?" Swali halina ubaya, ila limekaa mbele ya zamu yake. Msamaha unaondoa kodi juu ya faida, na kinu ambacho mashine zake hazijafungwa hakina faida. Mwaka wa kwanza URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, haina cha kukutoza ile kodi yake ya 30% ya faida. Wanaokugongea mlango ni muuza mashine, fundi wa transfoma na wakulima walioleta mahindi.

Wapo wanaotaja Marekani kama mfano wa kuigwa, basi tuangalie wenzetu wanafanyaje. Sheria ya mwaka 2000 iliwaletea mpango uitwao New Markets Tax Credit, unaosimamiwa na mfuko ulio chini ya Wizara yao ya Fedha. Mwekezaji, mara nyingi benki, anaweka fedha kwenye taasisi ya kati iliyoidhinishwa, nayo inapeleka karibu zote, angalau 85%, kwenye biashara zilizo katika maeneo maskini. Serikali inampunguzia huyo mwekezaji kodi yake mwenyewe kwa kiasi cha 39% ya alichoweka: 5% kila mwaka kwa miaka 3, halafu 6% kila mwaka kwa miaka 4. Akiweka dola milioni 10, kipunguzo ni dola milioni 3.9. Tuseme benki inakubali kulipa senti 75 kwa kila dola ya kipunguzo: mradi unapata karibu dola milioni 2.9 siku ya kutia saini mkataba, kabla haujasaga hata punje. Mawakili na wahasibu wanakula sehemu nono, na masharti yakivunjwa ndani ya miaka 7 kipunguzo kinarudishwa. Lakini kipunguzo chao kinauzika, kinageuka pesa mkononi mwa mwenye kiwanda. Cha kwetu hakiuziki. Kinakaa kwenye karatasi kikingoja upate faida.

Sasa tupige hesabu, maana wengi hawaipigi. Chukua kinu cha shilingi milioni 400, na faida ya milioni 90 kwa mwaka kabla ya uchakavu, yaani ile sehemu ya thamani ya mashine ambayo sheria inakuruhusu kuikata kwenye faida kila mwaka. Mashine za kiwandani zinaruhusiwa uchakavu wa 30% ya thamani iliyobaki. Mwaka wa 1 unakata milioni 120, kwa hiyo una hasara ya kikodi ya milioni 30. Mwaka wa 2 unakata milioni 84. Faida inayobaki ni milioni 6, inamezwa na hasara ya jana na bado unabeba milioni 24. Mwaka wa 3 unakata milioni 58.8, unatoa ile 24, inabaki milioni 7.2. Kodi yake ni shilingi milioni 2.16. Kwa miaka 3 mizima, bila msamaha wa aina yoyote, hicho ndicho ulicholipa. Mwaka wa 4 ndipo panapouma: uchakavu umeshuka hadi milioni 41.16, na kodi inaruka hadi milioni 14.65.

Ongeza mkopo hapo. Hata ukihesabu riba ya milioni 27 tu kwa mwaka, kwa kuwa sheria inaweka kikomo cha riba inayokatwa, 30% ya faida kabla ya riba na uchakavu, unafika mwisho wa mwaka wa 5 ukiwa bado na hasara ya kubeba. Sasa mtazame yule anayeshangilia msamaha wa miaka 3 kwa biashara changa za raia, ulioanza Julai 2025 kwa mtaji usiozidi milioni 500. Kwa duka la programu za simu ni neema. Kwa kinu, miaka 3 hiyo ni ile ile ambayo uchakavu ulikuwa umeshaifunika. Tena gharama za kutafuta mapato yaliyosamehewa hazikatwi kwenye mapato yanayotozwa, kwa hiyo hasara ya miaka ya msamaha hutoibeba kwenda mbele. Unaweza kuupokea msamaha ukatoka na hasara.

Msamaha unaomfaa mwenye kinu ni ule wa usindikaji wa mazao, kwa sababu hauna ukomo wa miaka 3. Hati yake inadumu mwaka mmoja na inahuishwa kila mwaka. Masharti yake yasomwe neno kwa neno. Mazao yawe yamelimwa Uganda. Bidhaa iwe ya mlaji wa mwisho: anayekamua alizeti akauza mafuta ghafi kwa kiwanda cha kusafisha anajiweka pabaya, anayeuza posho, yaani unga wa mahindi, kwenye mfuko wa kilo 25 yuko salama. Wewe na washirika wako msiwe mmewahi kusindika zao hilo au linalofanana nalo nchini. Hili ndilo linalokataza ujanja wa kungoja mwaka wa 4 ndipo uombe. Unaomba mwanzoni, au umekosa.

Halafu kuna sharti la mashine, ambalo limewakwamisha watu wenye akili zao. Sheria inataka mashine ambayo haijawahi kutumiwa Uganda na mtu yeyote katika usindikaji. Haisemi iwe mpya. Kinu kilichochoka India, kikaletwa kwa kontena, hakina tatizo kwa kipimo hicho. Kinu kizuri kilichofanya kazi Jinja miaka 2, ukakinunua kwa nusu bei, kimekufungia mlango. Kwa hiyo akikupigia dalali kuhusu mashine "ya bei ya kutupa" kutoka kinu kilichoacha kazi, ongeza kwenye bei yake kodi utakayolipa miaka 10 bila msamaha kabla hujamjibu. Tunza hati za forodha zenye namba ya mashine, na uipige picha bamba la namba kabla halijapakwa rangi. Mafundi wetu wana mkono mwepesi wa rangi.

Mlango wa msamaha wa miaka 10 upo pia, wa wawekezaji wakubwa. Mgeni anatakiwa dola milioni 10, raia dola 300,000, na raia anayewekeza nje ya Kampala dola 150,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 500. Sharti zito huko ni 70%: malighafi za nchini kwa kadiri zinavyopatikana, na wafanyakazi raia ambao mishahara yao nayo inafika 70% ya jumla yote. Mameneja wawili kutoka nje wenye mishahara minono wanaweza kuvunja sharti hilo la pili huku vibarua wote 40 wakiwa Waganda.

Sasa hela yenyewe. Mahali pa kuanzia ni Mfuko wa Mikopo ya Kilimo wa Benki Kuu, maarufu ACF, ulioanza 2009. Huombi Benki Kuu. Unaomba benki yako, nayo inachangia nusu na serikali nusu. Riba haizidi 12% kwa mwaka, muda unafika miaka 8, na kusubiriwa kulipa mtaji kunaweza kufika miaka 3. Kikomo cha kawaida ni shilingi bilioni 2.1. Mfuko haulipii ardhi, na haulipii deni la zamani. Watu wanakataliwa kwa mambo yale yale. Dhamana ni ardhi ya kimila isiyo na hati. Au ankara ya mashine imeandikwa jina la mtu badala ya kampuni. Au makisio ya mauzo yamechukua mahindi kama yanapatikana miezi 12, wakati kila mtu Kiryandongo anajua kuna mavuno mawili na pengo katikati yake. Kwa dhamana, usisahau kuwa tangu sheria ya 2019 mashine yenyewe inaweza kusajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa biashara, kama rehani ya mali inayohamishika. Maofisa wengine wa mikopo hawakuambii usipouliza.

Omba miaka 3 ya kusubiri hata kama benki inakupa mwaka 1. Kufunga mtambo kunachukua muda kuliko ratiba ya muuzaji, na sababu kubwa ni umeme. Mota za kinu zinataka fezi tatu. Laini nyingi za vijijini ni za fezi moja. Kabla ya kulipa malipo ya awali ya mashine, pata kwa maandishi umbali wa laini ya fezi tatu, ukubwa wa transfoma na nani anailipia. Jenereta ya kuziba pengo inakula faida yote, usijidanganye.

Kitu cha pili kinachosahaulika kwenye bajeti ni kikaushio. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi 13.5% na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi ya turubai barabarani hayafiki hapo msimu wa mvua. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na 2023 Sudan Kusini ikashikilia malori ya nafaka na unga mpakani. Kikaushio kinakubalika kwenye mkopo ule ule wa ACF. Kukirudia baadaye ni ombi jipya, tathmini mpya, ada mpya.

Msamaha ukishapatikana, unabaki kuwajibika: ritani (taarifa ya kodi) kila mwaka, kodi ya mishahara, mchango wa hifadhi ya jamii wa NSSF wa 10% kutoka kwako na 5% kutoka kwa mfanyakazi, na ankara za EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki. Kuchelewesha ritani kunatosha kunyimwa hati ya mwaka unaofuata, na wengi hawapotezi kwa ukwepaji, wanapoteza kwa sababu mhasibu wa Kampala hakutumiwa vitabu mapema. Wanunuzi walioteuliwa na URA nao watakukata kodi ya 6% juu kwa juu. Wapelekee nakala ya hati kabla ya mzigo.

Kuhusu ajira, kipunguzo pekee kinachokatwa kwenye kodi yenyewe kwa kuajiri ni cha 2%, kwa mwajiri ambaye 5% ya waajiriwa wake wa kudumu ni watu wenye ulemavu. Kwa kinu cha watu 20, huyo ni mtu mmoja. Kwa kodi ya milioni 14.65 ya mfano wetu inatoka shilingi 293,000. Mpe kazi mtu huyo kwa kuwa anafaa kushona mifuko au kushika mizani. Hiyo 293,000 haitoshi hata mshahara wake wa miezi miwili.