Gari liliharibika kwenye kilomita ambazo bado halijafika

Kuna SUV moja niliitamani karibu mwaka mzima, nyeusi, siti za ngozi rangi ya maziwa, paa la kioo, saspensheni ya upepo, yaani ile ukipita nayo watu wanajua kuna mtu kapita. Muuzaji akanitumia picha 40, arobaini kabisa, na katika zote hizo hakuna hata moja ambayo boneti limefunguliwa. Hapo ndo ningeacha, ila moyo ukishapenda bana. Aina yake sitaitaja, maana kosa halikua la gari, lilikua la waliolimiliki.

Nilivyofika nikalikuta limeshawashwa linanguruma taratibu, jamaa anasema eti kalipasha moto ili nisisubiri. Wema gani huo. Injini ikishapata moto inaficha mengi, moshi wa asubuhi, mlio wa cheni zile sekunde za kwanza, na kwa hizi zenye saspensheni ya upepo inaficha kubwa zaidi, kwasababu gari lenye baluni, yaani ile mifuko ya upepo inayolibeba, inayovuja likilala usiku kucha asubuhi unalikuta limechuchumaa upande mmoja kama ngamia anayesubiri kupakiwa mzigo, ukiliwasha kompresa inajaza upepo na baada ya muda mfupi limesimama wima halina habari. Siku hizi namwambia muuzaji mapema usiliwashe, nakuja asubuhi, na nikifika mkono uko juu ya boneti salamu haijaisha.

Basi nikazunguka. Tairi nne, kampuni nne tofauti. Nikainama kusoma ile alama ya DOT ubavuni mwa tairi inayoonyesha ilitengenezwa lini, zile namba nne za mwisho, mbili za kwanza ni wiki na mbili za nyuma ni mwaka, moja ikasoma 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hilo gari linavuta magurudumu yote manne muda wote, na tairi zikipishana ukubwa unaitesa transfa kesi, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, na difu. Sasa mtu anayeokoteza tairi moja moja kwa gari la namna hiyo, unadhani oili ya giaboksi aliibadilisha lini?

Hapa ndo watu wengi wanapokosea nadhani. Tunauliza liligongwa au halikugongwa, basi. Mimi natafuta mwaka ambao hela ya matunzo iliisha. Hizi gari zinashuka bei haraka sana ila spea zake hazishuki nazo. Wa kwanza kanunua jipya, sevisi zote kwa wakala maana anailinda waranti, wa pili anajikongoja, wa tatu kalipata kwa bei ya gari dogo akadhani na matunzo yake ni ya gari dogo. Wa nne ndo wewe, na bili zote za wa tatu zinakusubiri.

Kitabu cha sevisi kilikua na mihuri vizuri tu mpaka kilomita 96,000, alafu kimya. Nikauliza, akasema zilizobaki alikua anafanyiwa na fundi wake. Sawa, risiti? Hana. Basi namba ya huyo fundi nimpigie? Kahama. Mafundi wa wauza magari wanahama sana.

Dashibodi inasoma 118,000. Fundi niliyekwenda naye akachomeka skana, sio ile ya bei rahisi inayosoma injini tu, hii inaingia kwenye kompyuta zote ndogo ndogo za gari, breki, giaboksi, saspensheni, milango. Injini ilikua safi kupita kiasi, makosa sifuri, na vile vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe likitembea vyote vinaonyesha havijakamilika, hiyo ni dalili kubwa kwamba kuna mtu kafuta makosa juzi juzi au kachomoa betri. Ila aliyefuta alifuta ya injini akasahau huku kwingine. Kwenye kompyuta ya saspensheni kulikua na kosa la zamani limehifadhiwa pamoja na mileji ya siku lilipotokea. 161,000. Fundi akanigeuzia kioo bila kusema neno. Gari limeharibika kwenye kilomita ambazo bado halijafika.

Ningejua mapema kama ningeanza na makaratasi. Chasisi namba, ukiacha magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ambayo yake huwa fupi, ina herufi na tarakimu 17, humo hukuti I wala O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0, na lazima ilingane chini ya kioo cha mbele, kwenye nguzo ya mlango na kwenye kadi. Gari likitoka Uingereza unaangalia bure mtandaoni historia yake ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari wa kule, mileji imeandikwa kila ukaguzi, sasa mwaka mmoja isome 120,000 na unaofuata 80,000 tutasema limetembea kinyumenyume? La Japani dai karatasi ya mnada yenyewe sio tafsiri ya muuzaji, gredi ikiwa R au RA ujue liligongwa likatengenezwa. La Marekani kuna ripoti za Carfax, kampuni inayokusanya historia za magari, ila ripoti safi maana yake hakuna kilichoripotiwa, ajali ya kumalizana barabarani humo huikuti. Na uliza ile rikoo ya airbag za Takata, yaani magari kuitwa yabadilishiwe airbag zenye kasoro, kama ilishafanywa, iligusa kampuni kibao zikiwemo za kifahari.

Mafuriko je, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, kule ndani hamna anayesafisha, ukikuta mstari wa tope nenda zako. Na kile kipimo cha unene wa rangi, mlango ukisoma maikroni 120 na wa jirani yake 400, wa pili umerudiwa rangi na huenda chini kuna puti.

Jamaa nilivyomuonyesha ile 161,000 akasema skana yetu mbovu. Hatukubishana, tukaaga.

Wiki iliyopita nimeliona tena linatangazwa. Picha zilezile 40, saivi linasoma 109,000.