Podikasti inayochangamsha na kukuachia kitu kichwani

Ukitafuta podikasti ya kuburudisha na kufundisha, usianzie kipindi chake cha kwanza kabisa. Wakati huo watangazaji wengi huwa bado hawajazoea kipaza sauti. Chagua cha karibuni chenye mada unayoifahamu kiasi, maana hapo ndipo utakapojua kama msemaji ameiva au anapiga porojo tu. Mpe dakika 10. Zikiisha kwa salamu na vicheko vya wenyewe kwa wenyewe, hamia kwingine.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: zima, kisha mweleze mtu jambo moja ulilosikia, pamoja na sababu yake. Ukibaki na "ilikuwa nzuri" tu, umeburudika lakini hukujifunza. Mara nyingi kinachoharibu ni kusikiliza kwa kasi maradufu huku unajibu meseji. Mada ngeni isikilize kwa kasi ya kawaida, kasi ya 1.25 inafaa maongezi mepesi.

Ukimpenda mgeni fulani, tafuta jina lake kwenye programu yako ya podikasti. Huenda amehojiwa kwingine pia, na njia hii huzaa matunda kuliko orodha za vipindi vinavyovuma. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi: dakika 30 za sauti kwa kbps 128 (kilobiti 128 kwa sekunde) hula takriban MB 29.