Nilitua mzigo usio wenyewe

Kulikuwa na kipindi nilibeba mawili kwa mpigo: tasnifu ya uzamili iliyokaribia siku ya kutetewa, na bosi aliyetuma ujumbe usiku wa manane, "Ile kazi imefikia wapi?" bila kutaja ipi. Kote kuwili moyo ulinidunda, viganja vikatoka jasho, tumbo likavurugika. Nikajiambia huu ni msongo, dawa yake ni kupunguza mambo. Nikaahirisha utetezi.

Wiki mbili zikapita, usingizi haukurudi. Afadhali hata mwanzo, maana tasnifu ilikuwa ikiniamsha alfajiri na hamu. Sasa nilikuwa naamka na simu tu.

Nikaanza kusoma. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye alieleza katika jarida la Nature kwamba mwili hujibu madhara ya kila namna kwa njia zinazofanana. Baadaye akaja kutenganisha msongo unaojenga na unaobomoa. Lakini kilichonizindua ni orodha ya madaktari wa akili Holmes na Rahe ya mwaka 1967, yenye matukio 43 ya maisha yaliyopewa alama kwa uzito wa msongo wake. Kufiwa na mwenzi ni 100, talaka 73. Sawa. Ila ndoa nayo imo, 50! Hata likizo ina alama 13. Kumbe moyo kwenda mbio haukuniambia lolote kuhusu aina ya msongo nilionao.

Basi nikaacha kuangalia moyo unadunda vipi, nikaangalia unatulia lini. Tasnifu ilinichosha, lakini nikifunga kompyuta nilitulia, na kurasa zilikuwa zimeongezeka. Ujumbe wa bosi niliusubiri hata siku ambazo hakutuma. Haukuwa na mwisho, wala sikuwa na la kufanya nikaumaliza.

Nikaomba tarehe mpya ya utetezi. Kwa bosi nilipeleka ombi dogo: kila kazi iandikwe pamoja na siku ya kukamilika. Alikubali nusunusu. Ujumbe wa usiku bado unakuja, ila simu siku hizi inalala sebuleni, mimi chumbani.

Siku ya utetezi magoti yalitetemeka hadi nikashika meza. Swali la pili lilinikwamisha kabisa. La tatu nilikuwa nalisubiri tangu mwaka uliopita, nikalijibu mpaka nikaombwa nifupishe. Jioni nilijinyoosha kitandani kidogo tu nipumzike. Nilizinduka asubuhi, viatu miguuni.