Leza kwa presha ya macho: majibu ya Moshi na ya kwingine
Shangazi yangu ana glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho, na kila asubuhi namwona akiegemeza kichwa ukutani, mkono ukimtetemeka, tone moja likiingia jichoni na mawili yakimtiririkia shavuni. Kwa sababu hiyo chupa haifiki mwisho wa mwezi, na ndiyo maana nimesoma kwa bidii habari za leza ya SLT, tiba ya mwanga, nijue kama inaweza kuchukua nafasi ya matone.

Leza hiyo haikati jicho. Mwanga wake wa kijani hupigwa kwa mapigo mafupi mno kwenye chujio linalopitisha majimaji ya jicho, yapate kutoka vizuri zaidi na presha ishuke.

Nchini Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulifuatilia wagonjwa 718 ambao hawakuwa wametibiwa kabla, na baada ya miaka 3 karibu robo tatu ya walioanzia leza walikuwa wamedhibiti presha bila tone lolote. Lakini jibu lililonigusa zaidi lilitoka hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, mwaka 2021: wagonjwa 201 waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa matone ya timolol, wengine leza, na mwaka ulipokwisha matibabu yalifaulu katika asilimia 31 ya macho ya matone na asilimia 61 ya macho ya leza, ingawa baadhi yalihitaji kurudiwa. Si haki kuzilinganisha takwimu hizi na za Uingereza moja kwa moja, kwa kuwa muda na vipimo vya mafanikio vilitofautiana. Hata hivyo, kwa mtu anayenunua dawa kila mwezi, tofauti hiyo ya Moshi ni kubwa mno.

Wenye pembe nyembamba ya jicho, yaani nafasi finyu pale majimaji yanapotokea, ambao ni wengi zaidi Asia ya Mashariki, wana leza nyingine inayotoboa kitundu kwenye irisi, ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni. Huko Guangzhou, China, watu 889 walitobolewa jicho moja, la pili likaachwa. Baada ya miaka 6 pembe zilikuwa zimeziba au kuanza kuziba katika macho 19 yaliyotobolewa na 36 yasiyotobolewa, idadi ndogo kiasi kwamba watafiti hawakushauri kila mwenye pembe nyembamba atobolewe.

Shangazi aliniuliza kama leza itamrudishia uoni uliopotea. Nilimjibu kwamba hairudishi, kwa sababu mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haufufuki. Akanyamaza kidogo, kisha akakubali kwenda kumwona daktari, chupa ya matone ikiwa bado mkobani, maana hajaambiwa aache.