Kabla ya Kwenda Kyeyo, Safisha Simu na Begi

Anayeondoka Entebbe kwenda kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, Dubai au Riyadh keshaonywa kuhusu pombe, wizi na dawa za kulevya. Hayo anayajua. Hatari zaidi ni yale ambayo hapa kwetu si kosa kabisa, au ni kosa ambalo polisi hawana muda nalo. Hayo anayabeba mwenyewe, ndani ya simu na ndani ya begi, akiwa na nia safi.

Tuanze na simu, maana ndiyo yenye mengi.

Waganda wengi wana VPN, programu inayoficha ulipo na kufungua mitandao iliyofungwa. Tuliizoea tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya Julai 2018, na Facebook ilipofungwa Januari 2021 ikawa jambo la kila siku. Sasa ukitua Imarati, WhatsApp inatuma ujumbe lakini kupiga simu inakataa, na kidole kinakimbilia VPN. Sheria ya huko ya makosa ya mtandao, namba 34 ya mwaka 2021, inasema anayeficha anwani yake ya mtandao ili atende kosa, au ili kosa lisigundulike, anaweza kufungwa na kutozwa faini ya dirhamu 500,000 hadi milioni 2. Kampuni na benki hutumia VPN kihalali. Shida ni kuitumia kufungua kilichofungwa. Ifute kabla ya kupanda ndege. Simu za nyumbani zipige kwa programu iliyoruhusiwa, kama BOTIM, na hakikisha mama ameiweka kwenye simu yake kabla hujaondoka na anajua kuipokea. Ukiliacha hilo mpaka ufike, utarudi kwenye VPN.

Sheria hiyohiyo inagusa ulimi. Kumtukana mtu kwa njia ya mtandao, hata kwa ujumbe wa watu wawili tu, kunaweza kuleta kifungo au faini ya dirhamu 250,000 hadi 500,000. Ujumbe wa sauti nao ni mtandao. Fikiria wakala aliyekula pesa yako: unamrekodia dakika mbili za hasira, yeye anapeleka simu polisi. Mbele ya sheria, deni lake ni kesi moja na matusi yako ni kesi nyingine, na ya pili ndiyo yenye ushahidi mkononi. Saudia ina sheria yake ya mwaka 2007: kumchafulia mtu jina kwa mtandao au kutumia vibaya kamera ya simu ni hadi mwaka mmoja jela na riyali 500,000, na ujumbe unaohesabiwa kugusa dini au utulivu wa nchi unaweza kufika miaka mitano na riyali milioni 3.

Kamera ndiyo inayowaponza dada zetu wa kazi za nyumbani, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Aliyepigwa au kunyimwa chakula hufikiri kwanza kurekodi, kisha kuweka TikTok ili Uganda nzima ione. Uchungu huo unaeleweka kabisa. Lakini Imarati, kumpiga mtu picha au kurekodi maongezi yake bila idhini, na kusambaza, ni kifungo kisichopungua miezi sita au faini ya dirhamu 150,000 hadi 500,000. Mwajiri aliyekosa anageuka mlalamikaji. Badala ya video ya ndani ya nyumba, andika kwenye daftari: tarehe, saa, kilichotokea, mshahara uliolipwa na usiolipwa. Piga picha majeraha yako mwenyewe na nyaraka zako mwenyewe, uzitume kwa mtu mmoja tu wa familia. Ukifika hospitali, sema ukweli na uombe ripoti ya daktari. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko video yoyote.

Kuna jambo moja la kindugu ambalo wengi hawalijui. Akifa mtu nyumbani, kundi la WhatsApp linaanza kukusanya mabugo, yaani rambirambi, saa hiyohiyo. Imarati, kutangaza na kukusanya michango bila kibali ni kosa chini ya sheria namba 3 ya mwaka 2021, na faini inaweza kufika dirhamu 500,000. Msiba usikufanye mweka hazina. Aliye Uganda ndiye afungue mchango na kuupokea kwa mobile money. Wewe tuma ulichonacho wewe, kwa jina lako, kupitia duka la fedha lenye leseni, na utunze risiti.

Sasa begi.

Dawa yenye tramadoli, kodeini au diazepamu iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa Ghuba. Hiyo ni pamoja na dawa ya kikohozi yenye kodeini. Ukiihitaji kweli, beba cheti cha daktari chenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, dawa ikae kwenye pakiti yake ya asili, kiasi kisizidi cha mwezi mmoja, na kwa Imarati omba kibali cha wizara yao ya afya mtandaoni kabla ya safari. Vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi ya khaki, vile tunavyouziwa kwa hesabu, usivipeleke kabisa. Mairungi yamepigwa marufuku Imarati na Saudia, na Saudia inatoa adhabu ya kifo kwa biashara ya dawa za kulevya. Ndiyo maana kifurushi cha jirani anayesema "mpelekee tu dada yangu" kinakataliwa, awe ni nani.

Dawa za kienyeji kama emmumbwa, unga wa mululuza na mizizi ya shangazi nazo zibaki nyumbani. Afisa wa uwanja wa ndege hajui emmumbwa ni kitu gani. Anaona donge la udongo lenye majani. Likikutwa baadaye chini ya godoro, mwajiri anaweza kusema ni uchawi, na uchawi ni kosa la jinai Imarati na Saudia. Saudia imewahi kuua watu kwa hukumu hiyo. Hirizi ni vivyo hivyo.

Kuhusu afya: ukifika utapimwa tena kwa ajili ya ukaazi, na anayekutwa na VVU hurudishwa. Anayetumia ARV alijue hilo kabla hajauza shamba kulipia safari. Na mimba nje ya ndoa bado ni kosa Saudia na Qatar. Imarati ililegeza sheria mwaka 2022, ila mume au mlezi akilalamika kesi inafunguliwa.

Makaratasi ndiyo yanayoamua kama sheria itakulinda au itakuwinda. Kampuni inayokupeleka iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na jina lako liwe kwenye mfumo wao wa ajira za nje. Anayevushwa Busia akaruke Nairobi kwa viza ya matembezi anafika bila mkataba unaotambulika, na kufanya kazi kwa viza hiyo ni kosa tangu siku ya kwanza. Saudia, mwajiri ana siku 90 kukupatia iqama, yaani kibali cha ukaazi, kwa gharama yake. Imarati, sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya mwaka 2022 inakupa mapumziko ya saa 12 kwa siku, nane kati yake zikifuatana, siku moja ya mapumziko kwa wiki, na haki ya kukaa na pasipoti yako. Mara nyingi pasipoti huchukuliwa hata hivyo. Kwa hiyo nakala yake, ya viza na ya mkataba zibaki kwa familia.

Ukiondoka kwa mwajiri bila kulalamika popote, anaripoti kwamba umetoroka; Saudia wanaita huruub, na kuanzia hapo unaweza kukamatwa barabarani. Peleka malalamiko kwanza, wizara ya kazi ya huko au ubalozi wa Uganda ulioko Abu Dhabi, Riyadh au Doha. Ukilazimika kukimbia kuokoa maisha, nenda moja kwa moja polisi au ubalozini siku hiyohiyo, na usibebe kitu cha mwajiri, hata chaja. Shtaka la wizi ndilo jibu la haraka la mwajiri aliyeshtakiwa.

Ukikamatwa, usibishane na usitoe pesa. Maelezo yataandikwa kwa Kiarabu; usitie saini usichokielewa, sema unataka mkalimani na urudie kila ukiulizwa. Kisha omba ubalozi ujulishwe. Haki hiyo imo kwenye Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi, lakini sharti uiombe mwenyewe. Simu yako itachukuliwa, kwa hiyo namba ya ubalozi na ya mtu mmoja wa nyumbani uwe nazo kichwani. Huyo wa nyumbani akisikia, asianze na Facebook: achukue zile nakala aende wizarani Kampala, na kwa kampuni iliyokupeleka, akiwa na jina la mwajiri na mji ulipo.