Jinsi nilivyotuliza eleroni ya ndege yangu ya rimoti

Ndege leo inavuta kushoto, kesho kulia, na kurekebisha trimu (vitufe vya rimoti vya kusawazisha ndege kidogo kidogo) hakukusaidia. Nilipoitikisa eleroni (kipande cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege upande) kwa kidole, servo nzima (mota ndogo inayoisogeza) ikacheza ndani ya tundu lake bawani: gundi ya moto ilikuwa imebanduka kwenye plastiki.

Nikaing'oa, nikaizungushia tepu ya karatasi, ndipo nikaigandisha kwa epoksi. Siku servo ikiungua, nachana tepu tu, inatoka bila kubomoa foamu.

Mkono wa servo sikuufunga mpaka nilipowasha redio, trimu sifuri, servo ikajiweka katikati, yaani mpigo wa ishara wa maikrosekunde 1500. Hapo nikaufunga ukiwa wima, pembe ya nyuzi 90 na waya unaoisukuma eleroni. Hatua hii usiiruke kabisa! Sasa ndege inanyooka hata nikiachia vijiti.